Shenzhen: Soko linalokupa ulichouliza

UKIFUNGUA taa ya sola, chaja ya simu au redio ndogo inayouzwa leo katika soko lolote kati ya Kigoma na Bujumbura, utakuta ndani yake bodi ya kijani iliyopangwa vipuri vidogo, vingine havizidi punje ya mchele. Msomaji anayetaka kujua vipuri hivyo vinauzwaje, na kwa nini taa mbili zinazofanana kwa sura moja hudumu na nyingine hufa, inambidi aanzie katika mtaa mmoja wa kusini mwa China uitwao Huaqiangbei, katika mji wa Shenzhen.

Wafanyabiashara wetu wengi wanaokwenda China huishia Guangzhou. Huko hununua bidhaa iliyokwisha kufungwa katika boksi, hupakia na kurudi. Ni wachache wanaopanda treni kwenda Shenzhen, ingawa kwa treni ya kasi safari hiyo haizidi saa moja.

Wachache zaidi ni wale wanaofika huko wakiwa na nia ya kununua vipuri vyenyewe, au kutengenezewa kifaa chao cha mfano kabla ya kuagiza vingi. Hata hivyo, hiyo ndiyo kazi ambayo mtaa huo unaifanya vizuri kuliko nyingine zote, na haihitaji mtaji mkubwa. Inachohitaji ni kujua kuuliza.

Mtaa wenyewe

Shenzhen iko katika mkoa wa Guangdong, ikipakana na Hong Kong. Mwaka 1980 serikali ya China iliifanya kuwa eneo maalumu la uchumi, na viwanda vya kuunganisha redio, televisheni na vikokotoo vikamiminika. Huaqiangbei, katika wilaya ya Futian, ulikuwa mmoja wa mitaa ya viwanda hivyo.

Viwanda vilihitaji vipuri, na vipuri vilihitaji mahali pa kuuzia. Machi 1988 lilifunguliwa soko la SEG, ambapo watengenezaji na wauzaji walikaa chini ya paa moja, kila mmoja na meza yake. Leo jengo la SEG lina ghorofa zaidi ya 70, na soko limekaa katika ghorofa za chini. Jirani yake kuna soko jingine kubwa la Huaqiang, na kandokando yao majengo mengine ya skrini za simu, taa, kamera za ulinzi na spika.

Mtaa huu umepita katika misukosuko. Barabara yake kuu ilifungwa kwa magari mwaka 2013 ili kujenga reli ya chini ya ardhi, na ilipofunguliwa tena Januari 2017 ikawa ya waenda kwa miguu. Mei 2021 jengo la SEG lilianza kutikisika ghafla na watu wakakimbia nje. Wachunguzi waliona kwamba chanzo kilikuwa mlingoti wa juu ya paa uliokuwa ukitikiswa na upepo. Mlingoti ukaondolewa na soko likafunguliwa tena Septemba mwaka huo.

Aidha, biashara ya mtandao imewapunguza wateja wa rejareja, na baadhi ya majengo yaliyokuwa ya simu yamegeuzwa kuwa masoko ya vipodozi. Lakini ghorofa za vipuri bado zipo na bado zina kazi.

Meza moja haizidi urefu wa hatua mbili. Nyuma ya kioo kuna vipuri vichache vya kuonyesha tu, kwa sababu shehena yenyewe iko stoo. Ukikubaliana bei, muuzaji huandika ujumbe kwenye simu, na baada ya dakika kama 20 kijana huja na mfuko. Anayeuza vipinga haonyeshi betri, na anayeuza soketi haonyeshi kitu kingine chochote.

Kilichotupeleka

Nafundisha fizikia Nyanza-Lac. Sehemu kubwa ya vijiji vinavyotuzunguka haijafikiwa na nguzo za umeme, na wengi waliorudi kutoka kambi na makazi ya Tanzania wanategemea paneli moja ya sola, betri moja na taa mbili tatu.

Paneli haina matatizo makubwa, inaweza kudumu miaka mingi. Kinachokufa ni betri. Betri ya asidi ya volti 12 ikinyonywa mara kwa mara hadi chini ya volti 11, sahani zake za risasi hushikwa na ukoko wa chumvi na haipokei tena chaji. Kazi ya kuizuia isifike huko ni ya kifaa kiitwacho kontrola, ambacho hukata umeme mapema na kuurudisha betri ikishapata nguvu.

Mama mmoja anayeuza vifaa vya sola mpakani Mugina alikuwa ameagiza kontrola 300 kupitia mtu wa kati. Katika miezi mitatu zaidi ya nusu zilirudishwa. Nyingine ziliungua, nyingine hazikukata umeme kabisa na betri za watu zikafa. Wateja wake walikuwa wakilipa kidogo kidogo, na betri ilipokufa malipo nayo yakasimama.

Alikuja shuleni na kontrola kumi ndani ya mfuko. "Mwalimu," alisema, "nifungulie hivi uniambie nilinunua nini."

Boksi lilisema ampea 20. Ndani, transista aina ya mosfeti, ambayo ndiyo mlango unaofungua na kufunga umeme kwenda kwenye taa, ilikuwa imeandikwa jina la transista kubwa. Nilipoipima, ilikuwa na ukinzani mara nyingi zaidi ya ule unaotakiwa na jina hilo. Jina lilikuwa la fahali, mwili ulikuwa wa mbuzi.

Mama huyo hakutaka kuacha biashara. Alitaka kujua kama kifaa hicho kinaweza kupatikana kizuri kwa bei ambayo wateja wake wangeimudu. Machi 2024 tulisafiri pamoja, yeye akiwa na shughuli zake nyingine za kununua, mimi nikiwa na orodha ya vipuri vya kikatio kidogo cha umeme wa betri, kifaa chenye kazi moja tu.

Neno moja, bei tatu

Kosa ambalo wanunuzi wengi hulifanya Huaqiangbei ni kuuliza kama mali ni "orijino". Swali hilo hujibiwa ndiyo katika kila meza. Muuzaji husikia neno la mgeni, huitikia kwa kichwa, kisha huandika kwenye kikokotoo bei anayodhani mgeni ataikubali.

Soko lenyewe lina maneno yake, na kila neno lina bei yake. "Yuanzhuang" ni mali halisi katika kifungashio cha kiwanda. "Sanxin" ni mali inayosemwa kuwa mpya lakini iliyotolewa kwenye kifungashio, na hapo uangalifu unaanza. "Chaiji" ni kipuri kilichong'olewa kwenye kifaa kilichokwisha kutumika. "Fanxin" ni kilichosafishwa na kung'arishwa kionekane kipya, na mara nyingine kuchapwa maandishi upya. "Guochan" ni kilichotengenezwa na kiwanda cha China chenye chapa yake.

Tulikuwa tunatafuta mosfeti iitwayo IRF3205. Katika meza ya tatu niliuliza kwa maneno hayo, nikayaonyesha yakiwa yameandikwa kwa Kichina kwenye daftari. Kijana aliyekuwa ametuambia bei moja tu muda mfupi kabla yake alicheka, akavuta kikokotoo, akaandika tatu: yuani 0.7, yuani 1.2 na yuani 2.8. Zote zilikuwa za kipuri chenye jina lilelile.

Hakukuwa na ugomvi, wala hakuona haya. Kwake yeye hizo ni bidhaa tatu. Fundi wa kutengeneza televisheni kuukuu anaweza kuridhika na kipuri kilichong'olewa, na anataka bei yake. Mwenye kiwanda anataka mali ya kifungashio. Anayeumia ni yule asiyesema yeye ni nani, kwa sababu hupewa ya kwanza kwa bei ya tatu.

Ili kusaidia watu katika jambo hili, mhandisi Mmarekani Andrew Huang, ajulikanaye kama bunnie, alichapisha mwaka 2016 kitabu cha kumwongoza mnunuzi wa elektroniki Shenzhen, chenye kurasa ambazo mgeni huonyesha neno kwa kidole na muuzaji akasoma Kichina chake. Asiye na kitabu aandikiwe maneno yake kwenye daftari na mtu anayejua. Tafsiri ya simu inasaidia pia, lakini huduma nyingi za Google hazifunguki China, kwa hiyo ni vizuri kupakua tafsiri inayofanya kazi bila intaneti kabla ya kuondoka nyumbani.

Kupima kabla ya kulipa

Maneno peke yake hayatoshi. Mnunuzi anatakiwa kuwa na kipimo.

Kila kipuri cha elektroniki kina karatasi yake ya vipimo, ambayo kiwanda huitoa bure. Ya IRF3205 inasema kwamba mlango ukifunguliwa kwa volti 10, ukinzani wake hauzidi ohmu 0.008. Namba hiyo ndogo ndiyo inayotofautisha fahali na mbuzi.

Hesabu yake ni ya sekondari. Umeme wa ampea 10 ukipita katika ukinzani wa ohmu 0.008, joto linalotokea ni wati 0.8, na kipuri hustahimili. Ukipita katika kipuri bandia chenye ohmu 0.035, joto ni wati 3.5. Bila kipande cha bati cha kupozea, kipuri cha umbo hilo hupanda joto kiasi cha nyuzi 62 kwa kila wati moja. Kipuri bandia kitapanda nyuzi zaidi ya 200 na kuungua. Hicho ndicho kilichozikuta kontrola za mama.

Karatasi hizi kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza au Kichina. Hapa ndipo sisi tuliosomea uhamishoni tunapokuwa na akiba ambayo hatuihesabu. Aliyesoma fizikia ya sekondari Kigoma au Tabora alifundishwa kwa Kiingereza, ilhali mwenzake aliyebaki nyumbani alifundishwa kwa Kifaransa. Wengi wetu tuliporudi tuliona Kiingereza hicho kama mzigo, kwa kuwa ofisi na mitihani vilikuwa vya lugha nyingine. Mbele ya karatasi ya vipimo, ni mtaji.

Tulinunua mosfeti tano tano kutoka meza nne, adapta ya volti 12 na balbu moja ya taa ya gari ya wati 55. Multimita nilikuwa nayo. Usiku, hotelini, kila mosfeti ilifunguliwa kwa volti 12 na balbu ikawashwa kupitia kwake. Balbu hiyo huvuta ampea 4.6 hivi, kwa hiyo volti inayopotea kati ya miguu miwili ya kipuri kizima haitakiwi kuzidi milivolti 37.

Mali ya yuani 2.8 ilipoteza milivolti 33. Ya yuani 1.2 ilipoteza 85. Ya yuani 0.7 ilipita 150, na kidole hakikuweza kukaa juu yake.

Meza ya nne ndiyo iliyotushangaza. Muuzaji wake, mama wa makamo, alikuwa amesema tangu mwanzo kwamba yake ni "guochan", yenye chapa ya kiwanda cha China na vipimo vinavyolingana na vya IRF3205, kwa yuani 1.6. Ilipoteza milivolti 35. Tukanunua hiyo.

Jambo hilo ni la kukumbukwa na yeyote anayedhani kwamba cha bei ya chini ni kibaya na cha bei ya juu ni kizuri. Kipuri cha Kichina kilichouzwa kwa jina lake mwenyewe kilikuwa kizima, na kile kilichovaa jina la watu kilikuwa kibovu. Bei haikutuonyesha tofauti hiyo. Multimita ndiyo iliyoionyesha.

Njia hiyohiyo inafaa kwa bidhaa nyingine. Betri ndogo ya mviringo ya aina ya 18650 iliyoandikwa 9900 ni ya uongo kabla hata hujaipima, kwa sababu hata zilizo bora za ukubwa huo zinazopatikana madukani huishia karibu na 3500. Kadi ya kumbukumbu inajazwa mafaili hadi mwisho kisha inasomwa upya. Ikiwa ni bandia, mafaili ya mwisho hayatafunguka.

Bodi tano kwanza

Shenzhen inajulikana kwa vipuri, lakini wanaobuni vifaa hupapendea jambo jingine: mtu anaweza kuchora kifaa Jumatatu na kukishika mkononi kabla ya wiki kwisha.

Mchoro wa bodi hufanywa kwa kompyuta. Programu ya KiCad, iliyoanzishwa mwaka 1992 na Mfaransa Jean-Pierre Charras, hupatikana bure na inatosha kwa kazi hii. Mchoro ukikamilika hutolewa kama mafaili na kupelekwa kiwandani kwa intaneti. Viwanda vingi vya mji huo hukubali kuchapa bodi tano tu zisizozidi sentimita 10 kwa 10, kwa dola chache, bila kuhesabu usafirishaji. Anayeagiza akiwa mjini humohumo huzipata ndani ya siku mbili au tatu.

Niliuchora mchoro huo shuleni kabla ya safari. Ulikuwa na kipuri kimoja cha kutoa kipimo cha volti 2.5 kiitwacho TL431, kingine cha kulinganisha volti kiitwacho LM393, mosfeti, fyuzi, vipinga na soketi za waya. Hukata umeme betri ikishuka hadi volti 11.5 na kuurudisha ikifika 12.6.

Vipuri vyote vilichaguliwa vya miguu mirefu, vinavyopenya bodi, wala si vile vidogo vya kubandikwa juu. Vile vidogo ni rahisi zaidi na huuzwa kwa mikanda ya maelfu, lakini fundi wa Nyanza-Lac au Buyenzi mwenye pasi ya kawaida ya kuunga risasi hawezi kuvibadilisha kwa urahisi. Kifaa kisichotengenezeka nyumbani hurudi kwa aliyekiuza.

Bodi tano zilipofika, nilizijaza vipuri na kuziwasha. Zilikata na kurudisha kama ilivyotakiwa. Mama aliichukua moja, akaigeuza, akatoa mkobani kipande cha waya aliokuja nao kutoka dukani kwake, waya wa milimita nne za eneo.

"Mwalimu, hii ya kwako ni nzuri, lakini waya wetu hauingii kwenye tundu hili," alisema.

Kweli haukuingia. Soketi hiyo ni ya kawaida sokoni, lakini haikuwa na habari na waya wa kwetu. Asubuhi yake tulikwenda meza ya soketi, akajaribu waya wake katika aina sita hadi alipopata inayoukamata, na bodi ikachorwa upya kwa soketi hiyo. Hii ndiyo faida ya kutengeneza mfano. Kama tungeagiza bodi 200 siku ya kwanza, tungerudi na bodi 200 ambazo hakuna waya unaoingia.

Kwa hesabu yetu ya mwisho, bodi tupu, vipuri, soketi, fyuzi na kiboksi chake cha plastiki vilikuja takriban yuani 11 kwa kifaa kimoja, sawa na dola moja na nusu hivi. Tulinunua vya vifaa 200.

Waliotangulia kuuliza vizuri

Ipo kampuni ambayo kila msomaji anaijua bila kuijua. Transsion, yenye makao yake Shenzhen, ilianzishwa mwaka 2006 na George Zhu, nayo ndiyo mwenye chapa za Tecno, Itel na Infinix. Mwaka 2019 iliingia katika soko la hisa la Shanghai.

Miaka hiyo ya kati ya 2000 Shenzhen ilijaa simu za kuiga. Kampuni ya MediaTek ya Taiwan ilikuwa ikiuza chipu pamoja na programu zake, kiasi kwamba hata karakana ndogo iliweza kutoa simu. Wengi walitumia nafasi hiyo kutengeneza sura ya simu za wengine.

Transsion ilikuwa katika mji uleule wenye vipuri vilevile, lakini ilikwenda na maswali ya Waafrika. Mteja ana laini mbili za mitandao tofauti, kwa hiyo akapewa simu ya laini mbili. Hana umeme wa kila siku, akapewa betri inayokaa. Picha za weusi zinatoka na kiza, kamera ikarekebishwa. Majibu hayo yalipatikana katika soko linalouza kitu kimoja kwa wote. Walioleta swali lenye vipimo waliondoka na kitu kingine.

Mfanyabiashara wa Mugina anawajua wateja wake kuliko kampuni yoyote. Anajua waya wao, anajua mara ngapi wanageuza chanya na hasi wanapofunga betri, anajua kiasi wanachoweza kulipa. Maarifa hayo huwa hayaandikwi katika orodha ya kununulia, na ndiyo maana hayafiki Shenzhen.

Malipo na njia ya kurudi

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kila kipuri kiandikwe namba ya meza, ghorofa, jina la jengo, bei na daraja lililotajwa. Piga picha kadi ya muuzaji pamoja na kipuri chake. Ukirudi kuagiza mara ya pili, picha hiyo ndiyo itakayokupeleka kwa mtu yuleyule katika mamia ya meza zinazofanana.

Malipo mengi China hufanywa kwa simu, kwa WeChat au Alipay. Tangu Julai 2023 mgeni anaweza kuziunganisha na kadi ya benki ya kimataifa. Asiye na kadi abadilishe dola zake benki, na ajue kwamba bei anayotajiwa mara nyingi ni bila "fapiao", yaani stakabadhi rasmi ya kodi. Akiitaka, bei hupanda. Lakini hata bila hiyo adai ankara yenye majina na idadi, kwa sababu ofisa wa forodha ataiomba.

Betri zisichanganywe na vipuri. Tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kama mzigo haziruhusiwi katika ndege za abiria. Pawabanki inakaa katika begi la mkononi, si la kupakiwa, na isizidi wati-saa 100, ambazo ni sawa na milampea-saa 27,000 hivi. Kwa safari za ndani ya China, tangu 28 Juni 2025 pawabanki isiyo na alama ya 3C inazuiwa uwanjani. Mwenye betri nyingi atumie meli, kupitia Dar es Salaam hadi Kobero.

Kuhusu ushuru, utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unatofautisha malighafi, bidhaa za kati na bidhaa zilizokamilika. Viwango vyake ni asilimia 0, 10 na 25, na tangu Julai 2022 kipo cha 35 kwa baadhi ya bidhaa zilizokamilika. Kipuri na kifaa kizima vinaweza kuangukia mafungu tofauti. Mwulize wakala wa forodha fungu la kila kipuri kabla ya kununua, si baada ya kufika mpakani.

Kilichobaki nyumbani

Bodi zetu 200 ziliungwa Nyanza-Lac na mafundi redio wawili, mmoja wao akiwa amejifunza kazi hiyo kambini Nyarugusu. Wanafunzi wangu walipima kila moja kwa multimita kabla haijafungwa katika kiboksi. Baada ya msimu mzima wa mvua, wakati jua ni haba na betri hunyonywa sana, zilizorudishwa dukani zilikuwa saba. Tano zilikuwa na waya uliolegea, mbili fyuzi iliyoungua baada ya mtu kugeuza nyaya. Zote saba zilitengenezwa siku hiyohiyo.

Faida ya mama kwa kifaa kimoja si kubwa kuliko aliyoipata kwa kontrola za boksi. Tofauti ni kwamba fedha aliyoipokea hakuirudisha, na wateja waliokuwa wameacha kulipa madeni ya zamani baadhi yao wamerudi kulipa. Mafundi wawili nao wamepata kazi ambayo zamani ilibaki China.

Kwa hiyo mfanyabiashara anayejiandaa kwenda huko, kabla ya kukata tiketi, akae jioni moja na fundi au mwalimu wa fizikia aliye karibu naye. Wafungue pamoja bidhaa ile iliyorudishwa sana na wateja, watafute kipuri kilichokufa, waandike jina lake, kipimo chake, daraja linalotakiwa na idadi. Karatasi hiyo haina gharama, na uzito wake begini si kitu. Katika ghorofa za Huaqiangbei, ndiyo itakayoamua ni bei ipi kati ya tatu utakayoandikiwa kwenye kikokotoo.